NANI ANAFUNGA MVUA?
Somo juu ya upepo wa juu na hali ya hewa ya inchi yetu



Kila mwaka, Oktoba inapokaribia kuisha, hapa Likasi maneno ni yale yale. Jua linachoma malata, visima vimeshuka, mbegu ya mahindi iko tayari ndani ya nyumba. Mchana mawingu yanakuja, yananguruma kidogo, kisha yanakwenda zao bila kuacha hata tone. Ndipo mutu mumoja anasema: "Mvua imefungwa." Wa pili anauliza: "Nani anaifunga?" Na wa tatu anajua jina. Mara nyingi ni jina la mutu anayechoma matofali, sababu mvua inamuharibia kazi. Mara ingine ni jina la muzee, ao la mama mujane anayeishi peke yake. Maneno kama haya hayabaki maneno tu. Yanavunja ujirani, na yanaweza kumufukuza mutu katika nyumba yake.

Kwa hiyo somo la leo si la mutihani peke yake. Tunataka kujua mvua inafungwa na nini, na inafunguliwa na nini. Jibu haliko katika tanuru la matofali, wala katika nyumba ya mujane. Liko juu ya vichwa vyetu, kilometa nyingi, kule upepo unapopita bila sisi kuusikia.

Neno moja kwanza. Tukiandika "pepo" hapa, ni wingi wa "upepo". Hatusemi juu ya pepo wachafu. Kuchanganya hayo mawili ndiko kunakoleta shida yote.

1. HEWA IKO SAWA NA NYUMBA YA ETAJI

Watu wengi wanafikiri upepo ni ule unaotikisa majani ya muembe na kuinua vumbi barabarani. Ule ni upepo wa chini tu. Hewa iko sawa na nyumba ya etaji tatu, na katika kila etaji upepo unaweza kwenda njia yake.

Etaji ya kwanza inaanza kwenye udongo na kufika kilometa moja ao mbili juu yetu. Humo munapita moshi wa mbabula, vumbi la barabara na moshi wa viwanda. Wakati wa kiangazi, upepo wa etaji hii unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Wazungu wanauita alize. Wakati wa masika unageuka, na mara nyingi unatoka kaskazini na magharibi.

Etaji ya pili iko kwenye kilometa 3 mpaka 5 toka usawa wa bahari. Mukumbuke kwamba muji wetu wenyewe uko kwenye meta kama 1,300, kwa hiyo etaji hii si mbali sana na sisi.

Etaji ya tatu iko kwenye kilometa 10 mpaka 15. Ndege kubwa zinapita chini-chini ya etaji hiyo. Katika inchi za joto kama yetu, paa la nyumba liko kwenye kilometa 16 ao 17. Mawingu makubwa ya mvua yanaweza kupanda mpaka karibu na paa hilo, lakini kwa kawaida hayalitoboi.

Sasa mukamate neno hili, maana somo lote linasimama juu yake: mvua haitoki katika etaji moja. Etaji ya kwanza inaleta maji. Etaji za juu zinaamua kama maji hayo yataruhusiwa kupanda na kuwa mvua.

2. WATU WALIJUA NAMNA GANI?

Mutu anaweza kuuliza: nani alifika kule juu kupima? Ni swali zuri.

Mwaka 1883 mulima wa moto Krakatoa, katika visiwa vya Indonesia, ulilipuka. Majivu yake yalipanda juu sana na kuzunguka dunia karibu na ikweta, yakienda upande wa magharibi. Wataalamu wakasema: basi, juu ya ikweta upepo wote wa juu unatoka mashariki. Lakini mwaka 1908 Mujerumani Arthur Berson alikuja Afrika ya Mashariki, akaachilia maputo yenye vyombo vya kupimia juu ya Ziwa Victoria. Kwenye kilometa kama 15, upepo ulikuwa unatoka magharibi! Wataalamu walihangaika miaka mingi. Mwaka 1961 ndipo ilionekana wazi kwamba wote walisema kweli: juu sana, kupita paa la etaji yetu ya tatu, upepo unabadilisha njia. Unakwenda upande mumoja karibu mwaka muzima, kisha unageuka, na mzunguko wote unachukua kama miezi 28.

Mwalimu mwingine wa mambo haya alikuwa Mujapani, Wasaburo Ooishi. Katika miaka ya 1920 alipima upepo wa juu wa inchi yake kwa maputo, akakuta mukondo wa hewa wenye mbio kubwa sana. Akaandika matokeo yake mwaka 1926 kwa lugha ya Esperanto, akitumaini dunia nzima itasoma. Waliosoma walikuwa wachache. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliruka juu ya Japani wakakutana na upepo ule ule, wakashangaa kuona ndege zao zinasukumwa vibaya.

Leo kazi ya kupima inafanywa na maputo yanayoachiliwa katika inchi nyingi kila siku, na ndege, na satelite. Kwetu kazi ya meteo iko mukononi mwa METTELSAT. Lakini mujue kwamba bonde la Kongo ni moja ya sehemu za dunia zenye vituo vichache kabisa vya kupima hewa ya juu. Wasomaji wanaopenda hesabu na fizika, kazi bado iko na inawangojea.

3. HEWA INAYOPANDA NA HEWA INAYOSHUKA

Hapa tunahitaji sheria mbili tu.

Sheria ya kwanza: hewa ikipanda, inapata nafasi ya kutanuka, na inapoa. Hewa isiyo na wingu inapoa karibu digri 1 kwa kila meta 100. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi sawa na hewa ya joto, kwa hiyo mvuke unageuka matone. Ndilo wingu. Likiendelea kupanda, ndiyo mvua.

Sheria ya pili: hewa ikishuka, inakandamizwa, na inapata joto, digri 1 ile ile kwa kila meta 100. Hewa ya joto iko na kiu. Inakula mawingu. Ndiyo sababu hewa ikishuka juu ya inchi, mbingu inakuwa safi na kavu.

Tazameni mbabula asubuhi ya mwezi wa sita, wakati wa baridi. Moshi unapanda kidogo, kisha unalala kama umefika kwenye dari. Unatanda juu ya nyumba zote za mutaa. Ni kwa nini? Sababu chini hewa ni baridi na nzito, juu yake kuko hewa yenye joto zaidi. Moshi ukifika pale, hauna tena nguvu ya kupanda. Kumetokea kifuniko, sawa na kifuniko cha sufuria. Saa nne jua linapasha udongo joto, kifuniko kinavunjika, moshi unapata njia.

Kile kifuniko cha asubuhi ni kidogo, na kinaisha siku ile ile. Hewa inayoshuka kutoka etaji ya tatu inaweza kufanya kifuniko kikubwa kinachofunika inchi nyingi kwa miezi. Hicho ndicho kinachofunga mvua.

4. KWA NINI JULAI HAKUNA MVUA HAPA, NA KISANGANI IKO?

Inchi yetu ni kubwa. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, inapata mvua karibu kila mwezi. Sisi tuko kwenye digri 11 kusini. Tunapata kama milimeta 1,200 kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwisho wa Oktoba na Aprili. Juni, Julai na Agosti mutu anaweza kuanika nguo bila kutazama mbingu.

Mwingereza George Hadley alianza kueleza mwendo huu mwaka 1735, na waliofuata walitengeneza maelezo yake. Pale jua linapochoma zaidi, hewa inapanda mpaka etaji ya tatu. Kule juu haiwezi kukaa, sababu nyingine inakuja nyuma yake. Inasambaa upande wa kaskazini na upande wa kusini, inapoa, na mwishowe inashuka. Ikifika chini inarudi polepole kule ilikotoka: ndiyo alize yetu.

Katika Julai jua liko kaskazini. Hewa inapanda juu ya kaskazini ya Kongo, Afrika ya Kati na Sudani. Inapita juu ya vichwa vyetu katika etaji ya tatu, inashuka juu ya kusini mwa Afrika, na sisi wa Katanga tuko chini ya ukingo wa mahali pale inaposhuka. Kifuniko kiko juu yetu. Kwa hiyo hata kama ungemwaga maji ya muto Lufira yote hewani, hayangepata njia ya kupanda na kuwa dhoruba.

Katika Januari jua limekuja kusini. Mahali pa kupandia pamehama, pamefika Katanga na Zambia. Kifuniko kimesukumwa mbali. Mvua inanyesha, ziwa Tshangalele linajaa, na maji yake yanazungusha mashine za umeme za Mwadingusha, kama yanavyofanya tangu mwaka 1930. Munaona basi kwamba upepo wa juu unaingia mpaka ndani ya taa ya darasa letu.

5. BARIDI YA JUNI INATOKA WAPI?

Hewa inayokwenda kusini katika etaji ya tatu haiendi moja kwa moja. Dunia inazunguka, na mzunguko ule unaipindisha mpaka inakuwa upepo mukali wa kutoka magharibi. Kwenye kilometa kama 12, juu ya Afrika ya Kusini, wakati wa baridi upepo huo unaweza kupita kilometa 150 kwa saa. Tunauita mukondo wa jeti. Ndege inayotoka Johannesburg kwenda Perth katika Australia inafika upesi kuliko ile inayorudi, sababu ya kwanza inasukumwa na ya pili inapigana nao.

Jeti hiyo haipiti juu ya Likasi. Iko mbali kusini. Lakini inapiga mawimbi, sawa na kamba ukiitikisa. Wimbi kubwa likipita, hewa baridi ya kusini inapata njia chini yake. Inapanda kupitia Botswana na Zambia, na siku chache baadaye sisi hapa tunavaa shuka juu ya koti. Munaposikia kwamba theluji imeanguka katika milima ya Lesotho, mara nyingine mungojee siku chache, mutaona upepo wa kusini-mashariki unazidi hapa kwetu. Tunabanwa na baridi ambayo ilikatwa njia na upepo wa kilometa 12 juu, mbali na Likasi.

6. MOSHI WA PORI UNAKWENDA WAPI?

Tuteremuke katika etaji ya pili. Kutoka Agosti mpaka Novemba kunazaliwa humo upepo mwingine, wa kutoka mashariki, kwenye kilometa kama 4 toka usawa wa bahari. Unazaliwa na tofauti ya joto. Upande wa kusini, inchi kavu za Angola, Zambia na Kalahari zimechomwa na jua. Upande wa kaskazini, pori kubwa la Kongo ni bichi na lina mawingu. Joto huku, ubaridi kule: tofauti ile inasukuma mukondo wa hewa kwenda magharibi.

Musomaji hauoni upepo huo, lakini anaona kazi yake. Kutoka Juni mpaka Septemba pori linachomwa katika Katanga yote na katika Zambia na Angola. Septemba jua linakuwa jekundu sawa na kaa la moto, milima haionekani. Moshi ule unapanda mpaka etaji ya pili, unapakiwa na upepo wa mashariki, unavuka Angola na kufika juu ya bahari ya Atlantiki. Wamarekani wa NASA walileta ndege zao miaka ya 2016, 2017 na 2018, mara ya kwanza katika Namibia, kisha katika São Tomé, kupima moshi huo juu ya mawingu ya bahari. Moshi wa pori tulilolichoma kwa ajili ya panya na majani mapya, wataalamu waliukuta juu ya bahari.

Mara nyingine wimbi la jeti ya kusini linaugeuza njia. Mwezi wa Septemba 2000 watafiti waliona moshi wa inchi zetu umekuwa sawa na muto mukubwa hewani, unatiririka kusini-mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Moto ni ule ule, pori ni lile lile. Upepo wa juu ndio uliochagua bahari gani itapokea moshi.

7. MULANGO WA MVUA

Sasa tunafika kwenye Oktoba, mwezi wa matata.

Katika etaji ya kwanza kuko hewa mbili zinazopigana. Moja inatoka Atlantiki na pori la Kongo: ni nzito kwa maji. Ingine ni alize kavu ya kusini-mashariki. Pale zinapokutana panaitwa mupaka wa hewa ya Kongo. Septemba na Oktoba mupaka huo uko katika sehemu zetu, kati ya Kongo, Angola na Zambia, na hautulii. Siku moja unasukumwa kusini, tunapata dhoruba, upepo mukali na mvua ya nusu saa. Siku tano nyingine unarudi kaskazini, hewa kavu inaingia tena, jua linarudi na ukali wake.

Na juu yake, kifuniko bado hakijavunjika vizuri. Ndiyo sababu munaona wingu linapanda, linapanda, kisha linakatwa kichwa na kutanda kama mukeka. Limegonga dari. Halikufungwa na mutu.

Kwa kawaida ni Novemba ndipo mupaka unavunjika. Kifuniko kinaondoka, hewa ya maji inapita mpaka Zambia, mawingu yanafika etaji ya tatu na vichwa vyao vinatanuka kama fuawe la fundi chuma. Upepo wa mashariki wa etaji ya pili, kabla haujafa, unasaidia dhoruba kujipanga na kuishi saa nyingi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Kongo zinasafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, hata kama chini upepo unavuma kwa njia ingine.

Hapa kuko hatari kwa mukulima. Mvua ya kwanza ya Oktoba si masika. Ni mulango uliofunguka kidogo ukafungwa tena. Mutu akitupa mbegu yake yote siku ile, mahindi yanaota, na jua la wiki mbili linayaua. Atanunua mbegu tena, kama bado ana feza.

8. MWAKA AMBAO HEWA ILIKATAA KUPANDA

Kuko miaka mulango unachelewa sana, ao unafunguka na kufungwa katikati ya masika. Mwaka wa karibu ni 2023 na 2024.

Mwaka 2023 maji ya bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na sisi, yalipata joto kupita kawaida. Hali hiyo inaitwa El Niño. Joto lile linahamisha mahali hewa inapopanda kule Pasifiki, na pepo za etaji ya tatu zinabeba badiliko hilo kuzunguka dunia. Ikifika kusini mwa Afrika, mara nyingi inaleta hewa ya kushuka wakati ule hewa ilipaswa kupanda. Ni sawa na kusema Julai imeingia katika Februari.

Februari 2024 mashamba ya Zambia yalikauka, mahindi yakiwa yanaanza kuweka masuke. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Malawi ikafuata mwezi wa Machi, Zimbabwe mwezi wa Aprili. Maji ya ziwa Kariba yalishuka, na Wazambia wakakaa saa nyingi bila umeme. Lakini kati ya Oktoba na Desemba 2023, Kenya na Somalia zilipigwa na mafuriko. Hewa iliyokataa kupanda kusini ilikuwa imepanda kule kupita kiasi, tena maji ya Bahari ya Hindi ya upande ule yalikuwa na joto.

Sisi wa Haut-Katanga hatuwezi kusema hayo ni mambo ya Wazambia. Unga wa bukari yetu, sehemu kubwa inapita Kasumbalesa. Mahindi yakikosekana upande ule wa mupaka, mama anarudi sokoni na mufuko mudogo.

Tena mutambue: El Niño si hukumu. Inaongeza hatari, haiamui kila kitu. Lakini mifano mingi ya kompyuta inaonyesha kwamba, dunia ikiendelea kupata joto, mwanzo wa mvua katika sehemu zetu za kusini utaelekea kuchelewa. Basi watoto wetu wataona Oktoba nyingi zenye maneno yale mabaya, kama hatutawafundisha leo.

9. BASI, NANI ANAFUNGA MVUA?

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimeta 10 si mvua kubwa. Ikianguka juu ya kilometa moja ya muraba, ni meta kibiki 10,000, ni kusema litre milioni 10. Ukiigawa katika bido za litre 20, ni bido 500,000. Na hiyo ni kilometa moja tu, muji wetu ni mukubwa kuliko hapo. Mutu gani anaweza kuzuia bido hizo juu ya kichwa chake?

Moshi wa tanuru la matofali unapanda kidogo, unatawanyika. Wingu la dhoruba linasimama kilometa zaidi ya 10. Kumushitaki muchoma matofali ni sawa na kumushitaki mutoto kwamba alisimamisha gari-moshi kwa kupuliza pumzi. Na swali la mwisho kwa wale wanaojua majina: mwaka 2024, ni mujane gani aliyefunga mvua ya Zambia, Malawi na Zimbabwe kwa siku moja?

Ni kweli, muchoma matofali anafurahi mvua ikichelewa. Lakini kufurahi si kufanya. Muuza miavuli anafurahi mvua ikinyesha, na hakuna anayemushukuru kwamba ameinyesha.

Mutu ataniuliza: basi tuache kuomba mvua? Hapana. Eliya aliomba, na Yakobo anatukumbusha hilo katika sura ya 5. Lakini angalieni: Eliya alipoomba, alimutuma mutumishi wake kutazama upande wa bahari, mara saba. Aliomba na alitazama. Someni pia Luka 12, mustari wa 54 mpaka wa 56. Bwana anazungumza na watu waliojua kusoma wingu na upepo wa inchi yao. Hakuwalaumu kwa kujua hayo; aliwalaumu kwa kuwa hawakutumia akili ile ile katika mambo mengine. Na Mhubiri, sura ya 1 mustari wa 6, alikwisha kuona kwamba upepo una mizunguko yake. Kujua mizunguko ile hakupunguzi heshima ya Muumba. Lakini kumutaja jirani kwa jambo asilolifanya, hilo ni kuvunja amri.

Kwa wale ambao wazazi wao wanalima, tunaweka hapa alama za kuangalia kabla ya kupanda:

a) Mvua imenyesha mara nyingi ndani ya siku kumi, si mara moja tu.
b) Ukichimba kwa jembe, unyevu umefika kina cha shubiri moja, na chini yake hakuna vumbi.
c) Upepo wa chini umegeuka, unatoka zaidi kaskazini na magharibi, na usiku si kavu tena.
d) Mawingu ya mchana hayakatwi kichwa, yanapanda juu sana na kutanuka.

Wakulima wengi wa sehemu zetu wanapanda mahindi kati ya nusu ya Novemba na nusu ya Desemba. Hawakosei. Na anayetaka kujaribu mapema, apande sehemu ndogo, aache mbegu ingine nyumbani.

10. KAZI YA KUFANYA

Kila mutu achukue kaye moja. Kwa siku 30, saa moja asubuhi na saa tisa mchana, aandike: upepo wa chini unatoka wapi (tazama moshi), mawingu ya juu yanakwenda wapi (simama chini ya ncha ya muti ao kona ya nyumba, tazama wingu linavyopita), mvua milimeta ngapi (kopo lililonyooka na rula vinatosha).

Maswali:

1. Kwa nini hewa inayoshuka inaondoa mawingu?
2. Likasi na Kisangani ziko katika inchi moja. Kwa nini hazina majira moja?
3. Moshi wa Septemba unakwenda upande gani katika etaji ya pili, na nani anaubeba?
4. Eleza kwa mameno yako kwa nini dhoruba ya Oktoba inaweza kumudanganya mukulima.
5. Jirani yako anasema muzee fulani amefunga mvua. Andika mistari kumi ya kumujibu kwa heshima, kama mutoto anavyomujibu mukubwa.

Swali la 5 ndilo gumu kuliko yote. Mujibu ule usiishie katika kaye. Mvua ikichelewa, utautumia.

Mungu awabariki, na masika iwe njema.